Mbolea ya Mama Kulwa kwa Njia ya Reli

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya kurasa nane nilizoandika bila kuombwa na mtu.

Ninaishi Mbagala, chumba kimoja nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa, na ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo huko Temeke. Kazi hii sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kujaza fomu, na mengine yote nimeyaokota kwenye simu: video za bandari za nchi za mbali, vitabu vya kupakua bure, mabishano ya madereva mtandaoni. Anayejifunza peke yake hubaki na hofu kwamba kuna jambo moja kila mtu analijua isipokuwa yeye. Mimi hofu hiyo naitibu kwa orodha. Naandika kila kitu, nakagua mara tatu, kisha nakagua kama nilikagua.

Kurasa zile zilieleza kwa nini ofisi yetu iache kutegemea malori peke yake. Lori moja linabeba kontena moja na linapanga foleni kwenye kila mizani kutoka hapa hadi bara. Behewa moja linabeba makontena mawili, na kichwa kimoja cha treni kinavuta mabehewa mengi kwa mpigo. Nilichora hata ramani, nikapaka rangi reli kwa kalamu nyekundu.

Bosi wangu, Bwana Lyimo, alizisoma akiwa amesimama.

"Mwanaidi, nani alikuomba uandike hii?"

"Hakuna, bosi."

"Ndiyo maana inasomeka." Akaziweka mezani. "Haya. Tujaribu na Mama Kulwa."

Mama Kulwa ana duka la pembejeo katika mji mdogo baada ya Tabora, kwenye reli ya kwenda Mwanza. Kila mwaka mbolea yake ya kupandia ilikwenda kwa lori, na kipande cha mwisho cha barabara kilikuwa kibaya kuliko safari nzima. Stesheni ya mji ule iko hatua chache kutoka dukani kwake. Haina kreni, lakini mbolea ni mifuko, na mifuko hubebwa na watu. Tungeyaacha makontena juu ya behewa, vijana wangeingia na kutoa mifuko, kisha behewa lingerudi Dar na makontena matupu.

"Nenda nao huo mzigo mpaka mfuko wa mwisho ushuke," bosi akaniambia. "Mama akiupata kabla ya mvua na akaridhika, mizigo yake yote ya mwaka tunaihamishia reli, na wewe ndiye utakayeisimamia. Asiporidhika, tunarudi kwa malori na wewe unarudi kwenye fomu zako."

Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kutorudi kwenye zile fomu.

Jumatatu asubuhi, Kurasini. Nilisimama kwenye yadi nimevaa kofia ngumu iliyonizidi, mkononi nina orodha yenye vipengele arobaini na kimoja. Mifuko mia nane, mia nne kila kontena. Namba za sili, zile lakiri zinazofungia milango, nilizipiga picha na kuziandika pia kwa mkono, maana simu huzimika. Kipengele cha ishirini na sita kilisema: milango itazamane. Nilikuwa nimesoma kwamba makontena mawili yakikaa kwenye behewa moja, ukiyapanga mlango kwa mlango, mwizi hana pa kuingilia njiani. Niliupenda sana ujanja ule. Ulikuwa rahisi na safi, na nilikuwa nimeugundua mwenyewe.

Aliyekuwa akimwongoza mwendesha kreni ni Sudi, mtu wa Tandika mwenye mdomo mwepesi.

"Sista, haya mambo umesomea wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu ya aina gani hiyo nami niinunue?" Vijana wakacheka. Kisha akaangalia kontena la pili likining'inia, akanigeukia. "Milango itazamane kabisa? Kwani huko mnashusha na nini?"

"Kaka Sudi, nimeshapanga kila kitu. Wewe weka tu."

"Haya bwana. Mwenye mzigo ni wewe, mie n'na kofia tu."

Kontena likatua. Kati ya milango miwili ilibaki nafasi ya kiganja changu. Niliingiza mkono kuhakikisha, nikaweka tiki kwenye kipengele cha ishirini na sita. Nilifurahi. Nakiri hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alhamisi, kituo cha treni. Behewa langu lilikuwa limetangulia siku tatu kwa treni ya mizigo, ambayo haichukui abiria. Mimi nilipanda treni ya abiria ya reli ya zamani, nipite pale pale lilipopita. Sikuwa na mtu wa kuniaga. Ufunguo wa chumba nilimwachia mama mwenye nyumba, naye aliupokea huku akiongea na mtu mwingine.

Tulitoka mjini taratibu, tukapita nyuma za nyumba za Vingunguti, kamba za nguo zikiwa karibu kiasi cha kuguswa, kisha Pugu, kisha Ruvu na mashamba yake. Kwenye behewa letu kulikuwa na familia ya mwalimu aliyekuwa akihamishiwa Manyoni, mke na watoto watatu. Ilipofika mchana wakafungua sufuria la wali na kuku.

"Dada, karibu," mke wa mwalimu akaniambia.

"Asante, nimeshiba."

Sikuwa nimeshiba. Niliona aibu kula cha watu nisiowajua, nikaona aibu zaidi kutoa biskuti zangu mbele yao. Nikajifanya nasoma orodha. Watoto walikuwa wakishindana kuhesabu nguzo na kugombana kwa sababu hakuna aliyepata hesabu sawa na mwenzake. Nilitamani wanikaribishe kwenye ugomvi ule. Treni ina siti nyingi za kukaa na watu, na mimi nilichagua kukaa na karatasi.

Ijumaa asubuhi, Dodoma ilikuwa nyuma yetu na nchi ilikuwa kavu na pana. Familia ya mwalimu ilishuka Manyoni. Mtoto mdogo alinipungia mkono akiwa begani kwa baba yake, nami nikapunga mpaka stesheni ilipopotea. Baada ya hapo sikuongea na mtu behewani mpaka jioni. Nilimpigia simu stesheni masta wa kule niendako mara mbili, nikajifanya namuuliza saa. Alinijibu kwa upole mara zote mbili.

Tabora nilipumzika gesti, na Jumamosi nikaendelea na treni ya kwenda Mwanza. Saa nane mchana nikashuka.

Jina la stesheni nitaliacha. Watu wake walinitendea wema, na sitaki wapate wageni wa kuja kupiga picha makontena yaliyotobolewa. Ni jengo moja la mawe lenye paa jekundu, reli kuu, na njia moja ya pembeni. Kwenye njia hiyo ya pembeni lilikuwa behewa langu, peke yake, sili zote mbili nzima, halijaguswa na mtu. Nililikimbilia kama mtu aliyemwona ndugu yake.

Nikafika kati ya makontena mawili, nikasimama.

Milango ilikuwa imetazamana, kiganja kimoja kati yake. Mlango wa kontena hufunguka kwa nje. Ili ufunguke inabidi kontena moja linyanyuliwe na kreni, na pale hapakuwa na kreni. Nilikuwa najua kwamba hakuna kreni. Niliandika mwenyewe, kipengele cha tisa. Kipengele cha tisa na cha ishirini na sita vilikuwa kwenye karatasi moja, nimevikagua mara tatu vyote viwili, na sikuwahi kuviweka pamoja kichwani.

Naomba msomaji anielewe kwa kilichofuata, ingawa mimi mwenyewe sijajielewa vizuri. Stesheni masta alitoka ofisini kwake. Ni mtu wa makamo, mwenyeji wa Kigoma, anavaa kofia ya kazi hata akiwa hana treni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndiyo wewe wa kwenye simu? Karibu sana. Mzigo wako umefika salama." Akatazama saa ya ukutani. "Kuna treni ya mizigo inapita hapa saa kumi kwenda Tabora. Una jambo la kuniambia kabla haijapita?"

Tabora kuna kreni. Kama ningesema pale pale, behewa lingefungwa nyuma ya treni ile, kontena moja lingegeuzwa, na ndani ya siku mbili tatu mzigo ungekuwa umerudi ukiwa sawa. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake niliona uso wa bosi, nikaona kurasa nane, nikawaza kwamba nikipewa saa chache nitapata njia ya kulitengeneza bila mtu kujua kwamba liliharibika.

"Hapana, mzee. Kila kitu kiko sawa."

Saa kumi treni ikapita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikahesabu mabehewa yake yote yakienda Tabora bila langu.

Mama Kulwa akapiga simu. "Binti, umefika? Mzigo uko salama?"

"Uko salama, mama."

"Basi kesho asubuhi na mapema nakuja na watu. Mawingu nimeyaona upande wa Urambo, hayanifurahishi."

"Sawa, mama."

Nilikaa pale mpaka jua likazama. Niliandika ujumbe kwa bosi, nikaufuta. Nikauandika tena kwa lugha nzuri zaidi, nikaufuta. Wa mwisho ulikuwa na aya tatu na haukusema chochote. Nilikuwa peke yangu kwenye ile stesheni, na huo upweke niliutengeneza mwenyewe. Hatua thelathini kutoka nilipokaa kulikuwa na mtu anayeijua reli ile kuliko vitabu vyangu vyote, na simu yangu ilikuwa na salio.

Jumapili, saa moja asubuhi. Walikuja na mikokoteni ya ng'ombe kumi na minne na vijana wasiopungua thelathini, na mbele yao mwanamke mpana aliyevaa kitenge cha njano na buti za mvua.

"Mwangaluka!" akaita kwa salamu ya kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu? Hukulala? Haya, fungua tuanze, ng'ombe hawajala."

Kijana mmoja alikuwa ameshapanda juu ya behewa. Akachungulia katikati, akaangua kicheko.

"Jamani njooni muone! Makontena yanabusiana!"

"Yamefungishwa ndoa huko Dar," mwingine akadakia. "Sasa nani wa kuyaachanisha?"

Wote wakacheka, na mimi nikasikia masikio yanawaka. Mama Kulwa hakucheka. Alizunguka behewa lote polepole, akarudi akasimama mbele yangu.

"Kreni inakuja?"

"Haiji, mama. Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyesema yapangwe hivyo."

"Umelijua lini?"

"Jana. Nilipofika tu."

"Na jana nilipokupigia?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Vicheko vikazima. Hata yule wa juu ya behewa akashuka. Stesheni masta, aliyekuwa mlangoni kwake, alivua kofia akajikuna kichwa. "Mimi nilidhani mna mashine inakuja," akasema. "Treni nyingine ya kwenda Tabora sina mpaka Jumatano. Kwenda, kugeuza, kurudi… labda Jumamosi."

Mama Kulwa akatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshavuka nusu ya anga.

"Wateja wangu wanapanda mvua ya kwanza ikinyesha," akasema. Hakupaza sauti. "Jumamosi nitawauzia nini? Maelezo?"

Nikampigia bosi hapo hapo, watu wote wakisikiliza. Nilimweleza kila kitu kwa sentensi nne. Kumbe zilitosha.

Bwana Lyimo akauliza, "Ulijua saa ngapi?"

"Jana saa nane mchana."

"Na sasa hivi?"

"Saa moja na nusu asubuhi."

"Kwa hiyo umelala nalo."

"Sikulala, bosi."

"Hilo halinisaidii mimi, wala huyo mama."

Wakati huo Mama Kulwa alikuwa ameenda nyuma ya kontena, upande wa pili usio na mlango, akawa anaugonga ukuta kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Huu ukuta una unene gani?" akauliza. "Mbona unalia kama debe?"

"Ni bati nene tu, mama."

"Kontena ni la nani?"

"La ofisi yetu."

"Basi muulize mwenye kontena kama ana huruma nalo. Masanja yuko kijiweni, ana grenda ya kukatia chuma na jenereta."

Niliweka simu sauti ya wazi. Bosi alimsikia mwenyewe. Akauliza kama mbolea ni ile ya kupandia, isiyoshika moto. Nikamjibu ndiyo, maana hilo nilikuwa na hakika nalo. Akashusha pumzi.

"Kateni. Mistari iwe imenyooka, nitakuja kupachika milango. Mwanaidi."

"Naam, bosi."

"Usikate simu. Niambie kila kinachotokea."

Saa tatu hadi jioni. Masanja, fundi wa kuchomelea, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alipanda kwenye ncha ya behewa akachora kwa chaki mlango mahali ambapo hapakuwa na mlango. Grenda ilipogusa bati, sauti yake ilinipasua kichwa, cheche zikaruka mpaka kwenye kokoto za reli. Kontena lile nililikagua kutu kwa tochi kabla ya kuliidhinisha, sasa nilikuwa namshikia Masanja ngazi ili alitoboe. Kipande cha ukuta kilipoanguka, mifuko saba ya mbele ilikuwa imeyeyuka nailoni, mbolea ikamwagika. Vijana waliizoa kwa koleo na madebe, hawakuacha hata konzi.

Masanja akahamia kulitoboa kontena la pili, na kazi ikaenda. Mfuko begani, chini, mkokoteni, dukani, rudi. Nilisimama chini ya ngazi nikihesabu kwa sauti, na waliponiona nakosea kwa uchovu wakanitania.

"Dada wa Dar, huo ulishauhesabu!"

"Mwacheni, anahesabu makosa yake."

Nikacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niondoke nyumbani.

Mvua ilianza saa tisa, kontena la pili likiwa nusu. Tulifunika mikokoteni kwa maturubai, na pale yalipokosekana Mama Kulwa alitoa vitenge vya kuuza dukani kwake. Mifuko kadhaa ililowa. Saa kumi na moja mfuko wa mwisho ukaingia ghalani, na kwenye njia ile kukabaki behewa lenye makontena mawili yaliyotobolewa migongo, milango yake bado imetazamana na sili zangu bado nzima.

Mama Kulwa alinipa uji dukani kwake. Nilikunywa bila kusema nimeshiba. Nilipomaliza nikamuuliza moja kwa moja kama ameridhika, kwa sababu ndilo swali nililotumwa.

"Mbolea yangu nimeipata," akasema. "Kabla watu hawajaanza kupanda, kweli. Lakini kesho nampigia mwenye malori."

"Kwa sababu ya milango?"

"Milango mtu hukosea. Sikiliza, mwanangu. Dereva wa lori akipasukiwa tairi Singida ananipigia pale pale. Atanitukania barabara, atanitukania mwenye lori, lakini nitajua niko wapi. Behewa halina dereva wa kunipigia. Limeachwa kwenye reli peke yake, halisemi. Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake. Na jana nilipouliza, ukaniambia uko salama."

Katika kurasa zangu nane nililinganisha dizeli, muda, uzito na wizi. Sikuandika mahali popote kwamba mwenye mzigo ananunua pia sauti ya kumwambia ukweli, na kwamba kwenye reli sauti hiyo ni ya karani.

Jumatano nilianza safari ya kurudi, Ijumaa jioni nikafika Mbagala. Mama mwenye nyumba akanipa ufunguo. "Kwani ulisafiri?" akauliza. Ofisini Bwana Lyimo hakugomba. Alinirudishia fomu zangu na kuniambia niandike taarifa. Niliandika kurasa tano, nikazisoma, nikaona nne zilikuwa za kujitetea. Nikampelekea moja. Inasema kwamba kosa la Kurasini lilituharibia kuta mbili za bati, na kosa la stesheni lilitupotezea mteja.

Wiki tatu baadaye simu yangu ikaita mchana, katikati ya fomu. Nyuma ya sauti nilisikia ng'ombe na mvua.

"Binti, mahindi yameota," Mama Kulwa akasema. "Mimi nimerudi kwa malori, usijisumbue kunibembeleza."

"Sikubembelezi, mama. Nashukuru umenipigia."

"Kuna jirani yangu anauza saruji. Saruji haina mkulima anayeisubiri kabla ya mvua, na anataka kujaribu reli. Nimempa namba yako. Nimemwambia na ulivyofanya, yote, usije ukadhani nimekusifia."

"Ndiyo, mama."

"Yuko hapa. Nakupa uongee naye."

Nilisikia simu ikibadilisha mikono. Mwanamume akakohoa, akaniamkua, akauliza kama kweli reli inafaa. Kabla sijamwambia uzuri wake wowote, nilimwambia kwanza nisichokijua.